Zaburi Kutoka Jikoni

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanaulizana kama bibi yao bado yuko sawa. Ni siku baba mkwe wangu alipoombolezwa akiwa hai, amekaa barazani kwake, anasikiliza sifa zake kwa makini wala hana haraka ya kuwakatiza waombolezaji. Aliyesababisha yote yale ni mimi, na kilichonipa sauti ya kuyasababisha ni Zaburi. Vuta kigoda ukae. Mvua hii ya Tukuyu unaijua, haitakuruhusu kwenda popote sasa hivi.

Lakini nianzie mbali kidogo, maana ninyi watoto wa leo mkisimuliwa mambo ya mkwe hamwelewi kitu. Juzi nimemwona mke wa mjukuu wangu amepanda bodaboda moja na baba mkwe wake, wamebanana, wanakwenda sokoni Mpuguso huku wanacheka. Nilitazama migomba mpaka walipopotea. Enzi zangu mwanamke aliyeolewa hakumtazama usoni baba wa mumewe. Sisi tunaita kutila, yaani kumcha mkwe. Ukimwona anakuja unaiacha njia, unaingia migombani, unajifunika khanga mpaka apite. Hukai naye chumba kimoja, huzungumzi naye, humtaji jina. Jina la baba mkwe wangu silitaji mpaka leo, na yeye amelala kaburini siku nyingi, kwa hiyo usiniulize. Wala usidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, ila ni heshima iliyonilowesha sana, maana migomba ya huku Kisondela nilikoolewa haikauki umande na mzee wangu yule alikuwa mtu wa matembezi.

Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa chai na ndizi, na alipenda Zaburi kuliko alivyopenda chakula. Kila jioni, kabla sahani hazijaletwa, alisoma moja kwa sauti. Ndipo mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, herufi zikageuka ukungu mtupu. Mama mkwe hakujua kusoma. Wana wao walikuwa wametawanyika kutafuta riziki, mume wangu Ambakisye akiwa mmoja wao. Alikuwa fundi mwashi Mbeya, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu, ananukia saruji. Basi nyumba nzima aliyejua kusoma nilibaki mimi, yaani mtu pekee asiyeruhusiwa kukaa karibu na mzee.

Wazee wa kanisa walikaa kikao juu ya jambo hilo. Mimi sikuitwa, lakini uamuzi uliletwa. Nitasoma nikiwa jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mianzi kilichojitenga, ng'ambo ya ua. Baba mkwe atakaa barazani kwenye nyumba kubwa, ametazama barabarani. Mama mkwe atakaa mlangoni pa jiko, apeleke maneno huku na huko, kwa sababu mimi na mzee haturuhusiwi kusemezana. Biblia yenyewe tuliivika mfuko wa nailoni, ikaning'inizwa juu ya meko isiingie unyevu. Ilinukia moshi kama samaki mkavu.

Ua wenyewe ulikuwa mdogo na kila mtu alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini utaratibu ni utaratibu.

"Mama Ambakisye," baba mkwe anaanza, "mwambie mkwe asome polepole."

"Baba yako anasema usome polepole," mama mkwe ananiambia.

"Nimesikia, mama."

"Anasema amesikia."

"Nimemsikia kwamba amesikia," anajibu mzee. "Mwambie aendelee."

"Anasema uendelee."

Hapo ndizi zinaungua jikoni, nami bado sijamaliza mstari wa kwanza.

Sasa nikuambie lile ambalo halikuwa la kuchekesha. Kabla kazi hii ya kusoma haijanifika, nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Hakumaliza mwezi. Mtoto mchanga kiasi kile hapo kwetu hakuwekewa msiba. Wanawake wachache walimzika kimya kimya nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na kesho yake watu wakaenda kuchuma chai kama kawaida. Akina mama wa kanisani walikuja kunitazama. Walikuwa watu wema, sitawasema vibaya. Wakaniambia Mkristo hanung'uniki, niwe na tabasamu, Mungu atanipa mwingine. Nikawapa tabasamu. Nikaendelea kulitoa hilo tabasamu kisimani, shambani na kanisani mpaka mashavu yakaniuma.

Moyoni, mwanangu, nilikuwa nimefunga mlango. Sikusali tena. Wengine wakifumba macho nami nilifumba, lakini nilikuwa nawaza kama kuku wameshaingia. Niliamua kwamba mimi na Mungu kila mmoja ashike njia yake. Na jambo lile liliniogopesha sana, maana nililelewa katika imani tangu Lupepo kwa baba yangu, na bila imani sikujua mimi ni nani. Nilidhani nikifungua kinywa kumwambia Mungu lililokuwa ndani yangu, nitamtukana. Kwa hiyo nilikifunga.

Na Zaburi nilizomsomea mzee zilikuwa za vigelegele tu. Za matoazi na vinubi, za mashamba yanayoshangilia na mito inayopiga makofi. Nilisoma ile ya milima iliyorukaruka kama kondoo, mpaka baba mkwe akamtuma mama mkwe aje kuniuliza kama Mlima Rungwe nao umeshaanza, ili watu wahame mapema. Kila nilipoifikia Zaburi ya kilio, niliipita haraka nikaenda nyingine. Nilijua kwamba nikianza kuisoma sauti itanikatika, na mama mkwe yupo pale mlangoni ananitazama.

Nilisahau kwamba mzee yule alikuwa anazijua kwa mpangilio wake, kama mtu anavyowajua ng'ombe wake wakirudi jioni.

"Mama Ambakisye, muulize mkwe, baada ya hii ya jana inakuja hii ya leo?"

"Baba yako anauliza kama umeruka."

"Mwambie karatasi zimegandana, mama. Unyevu."



"Mwambie mkwe ni unyevu wa ajabu," akasema mzee. "Unagandisha palipo na machozi tu. Palipo na ngoma pakavu."

Mama mkwe alifungua mdomo kunipelekea ujumbe, akaufunga. Huyo mama alikuwa mkali kama pilipili mbuzi, lakini siku hiyo aliinamisha kichwa akaanza kuchambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa.

Basi ikaja alasiri ninayokusimulia. Ilikuwa mvua hasa, si hii ya kuchezea. Ilipiga bati la nyumba kubwa mpaka ukidhani mtu anamwaga kokoto juu. Mzee alikuwa barazani, amejifunika blanketi, ametazama barabara asiyoiona. Nikaishusha Biblia, nikafunua ya vigelegele, nikaanza.

"Hapana!" akaita. "Mama Ambakisye, mwambie afunge hapo. Mwambie leo asome ile isiyo na mwisho mzuri. Anaijua. Ndiyo anayoiruka kila mara."

Nilijua anasema ipi. Iko Zaburi moja, mwanangu, ya mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku na haoni jibu. Anamuuliza kwa nini amemficha uso. Anamwambia wazi kwamba ni yeye Mungu aliyemwondolea wapenzi wake. Nyingine za kilio mwishoni hugeuka zikawa shukrani, lakini hiyo haigeuki, inaishia gizani. Itafute mwenyewe, utaikuta.

"Mwambie sitaki kuisoma," nikasema. Hakuna mkwe aliyemjibu mzee hivyo.

Mama mkwe hakuupeleka ujumbe. Mzee naye alikuwa amesikia, maana aligeukia upande wa jiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akasahau kabisa kumtumia mjumbe.

"Mkwe," akaniambia, "unamfanyia Mungu kama mgeni wa kutoka mjini. Unampikia wali, unamfagilia ua, unamficha moshi na vyungu vyeusi. Huyu Kyala, Mungu wetu, ni mwenyeji hapa. Jiko lako analijua. Unafikiri aliyeandika maneno hayo hakuwa na imani? Angekuwa hana imani angenyamaza, angekwenda zake. Mtu hamfokei asiyemtegemea. Soma. Na usome kwa nguvu, bati hili linanizibia masikio."

Ndiyo makaripio pekee aliyonipa maisha yake yote, na aliyatoa kwa kuvunja mwiko. Nilijiona mdogo, tena nikakasirika. Nikaichukua ile Biblia kwa hasira, nikasema moyoni, haya, unataka kelele, utazipata.

Nikaanza kusoma kwa sauti ya kushindana na mvua. Mistari ya mwanzo nilisoma vizuri kama nilivyofundishwa shuleni. Nilipofika pale anapouliza kwa nini Mungu amemficha uso, sauti ikanipasuka. Sikuacha. Nikasoma nikilia, nikalia nikisoma, halafu nikagundua sisomi tena. Biblia iko sakafuni kwenye maganda ya ndizi, na mimi namwambia Mungu kwa Kinyakyusa, kwa sauti yangu yote, mambo yangu mwenyewe. Nikamuuliza alikuwa wapi. Nikamuuliza mtoto wangu alimkosea nini. Nikamtaja jina lake, maana alikuwa na jina ingawa hakuna aliyelitamka tangu tulipomzika. Mama mkwe alikuwa amekaa na maharage mapajani, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ungo.

Sasa wewe unakujua kwetu. Mwanamke akilia kwa sauti ile, na ndani ya nyumba hiyo kuna mzee asiyeona, jirani hahitaji kutumiwa mtu.

Wa kwanza kuingia uani alikuwa Mama Lusajo wa hapo ng'ambo ya kijito, mzigo wa kuni kichwani na mkungu wa ndizi ubavuni, analia kwa nguvu zote, hajui anamlilia nani. Nyuma yake wanawake wengine na mikeka. Nyuma yao wanaume na majembe na sepetu, na mmoja wao akauliza kwa sauti ya adabu tuchimbe upande gani. Mbele ya wanaume alikuwa Mzee Anyosisye, jirani ambaye alikuwa amegombana na baba mkwe juu ya mpaka wa shamba tangu mimi sijaolewa. Alikuwa amejifunika jani la mgomba kichwani kukinga mvua, ameinamisha uso kama mwombolezaji anavyotakiwa, na alianza rambirambi kutoka huko kwenye njia, asione mbele.

"Tumempoteza mtu!" akasema. "Tumempoteza mzee wa haki! Mimi jirani yake nasimama hapa na kusema ukweli mbele za Mungu. Mtu huyu hakuwahi kula cha mwenzake. Hata ule mpaka wetu, mpaka aliouonyesha yeye ndio ulikuwa mpaka wenyewe, mimi nilikuwa nang'ang'ania tu!"

"Anyosisye," sauti ikatoka barazani, "hapo kwenye mpaka rudia. Walio nyuma hawakusikia vizuri."

Jani la mgomba lilianguka. Wanawake walinyamaza wote kwa pamoja. Mama Lusajo alipiga yowe jingine, safari hii la woga, akaangusha kuni miguuni pa mtu wa sepetu. Mzee Anyosisye akatazama barazani, akamwona marehemu amekaa na blanketi lake, ametega sikio.

"Wewe ni mzima?" akauliza, na nakuapia, kulikuwa na lawama kwenye sauti ile.

"Mzima. Endelea lakini, ulikuwa unasema vizuri."

Kuna aliyeanza kucheka kule nyuma, akaziba mdomo. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mianzi, natamani ardhi inimeze. Nilijua kwamba aibu hii itaniandama mpaka kaburini. Nimeita kijiji kizima kwenye msiba usiokuwepo, watu wameacha chai yao shambani, wamelowa, wamebeba kuni. Nikasubiri mzee aseme ni mkwe tu, alikuwa anasoma Biblia, rudini makwenu.

Mzee Anyosisye akajifuta uso. "Basi kama wewe ni mzima," akauliza, "ni nani aliyefariki hapa?"

Mvua ilipiga bati. Baba mkwe akainuka, akashika nguzo ya baraza.

"Mjukuu wangu," akasema.

"Lini?"

"Kabla ya mavuno ya maharage yaliyopita."

Watu wakatazamana. Wote walijua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa hajui.

"Hamjakosea njia," akasema mzee. "Mmechelewa tu. Kaeni."

Mwanangu, watu wale wakakaa. Mikeka ikatandikwa palipo pakavu, moto ukawashwa kwa kuni za Mama Lusajo, na wanawake wakaingia jikoni kwangu mmoja mmoja. Safari hii hakuna aliyeniambia nitabasamu. Walinishika mikono, wakasema ndaga fijo, yaani pole sana, wakalia na mimi. Mama mkwe alikiweka kichwa changu mapajani mwake, pale pale juu ya maharage. Na wanaume, kwa kuwa walikuwa na majembe tayari na hawakutaka kurudi nayo bure, walikwenda nyuma ya nyumba migombani, wakapalilia kile kikaburi kidogo, wakakizungushia mawe ya kutoka mtoni. Mzee Anyosisye ndiye aliyeweka jiwe la kichwani. Nilimwona kupitia ufa wa mianzi, anapangusa matope kwenye jiwe kwa kiganja, taratibu sana.

Jioni ile nilisali. Yalikuwa maneno machache na hayakuwa mazuri. Nilimwambia Mungu, bado nimekasirika, lakini nipo. Mlango niliokuwa nimeufunga niliukuta wazi, na nilipofikiri ni nani aliyeufungua, nikaona ni ile Zaburi mbaya niliyoikimbia siku zote. Mtu wa kale asiyenijua alikuwa amekaa ndani yake akinisubiri, anasema maneno yangu, na Mungu ameyaacha maneno hayo kwenye Biblia yake bila kuyafuta. Ndipo nilipojua kwamba hatanifuta na mimi.

Jirani waliniita Mama Zaburi kwa muda mrefu sana. Nikikohoa tu kwa nguvu, mtu anauliza ng'ambo kama alete kuni. Mzee Anyosisye alijaribu baadaye kuyakana yale ya mpaka, akidai maneno ya msibani hayahesabiki, lakini mashahidi walikuwa wengi mno. Na baba mkwe wangu mwisho alipelekwa hospitali akafanyiwa upasuaji wa macho. Alirudi anaona mpaka kunguru wa mbali. Nilipita uani siku hiyo nimebeba maji, na yeye, kwa uungwana wake, kitu cha kwanza alichofanya na macho yake mapya ni kutazama pembeni. Jioni akamtuma mama mkwe aje aniambie kwamba herufi za Biblia ile bado ni ndogo mno, niendelee kusoma mimi. Nikaendelea mpaka alipolala. Sikumwona uso hata mara moja, na hakuna mtu aliyenijua kuliko yeye.

Haya ndiyo niliyotaka kukuambia, mwanangu. Ninaona unavyoweka mstari wa Zaburi kwenye simu yako kila asubuhi, na ua la waridi pembeni, na maneno ya ushindi. Ni vizuri, nami huwa naomba wajukuu wanionyeshe. Lakini mama yako ameniambia kwamba tangu lile lililokupata umeacha kusali, na ukiulizwa unasema uko salama. Nalijua hilo tabasamu lako, nililivaa kabla yako. Usidhani imani imekwisha kwa sababu umekasirika. Fungua Zaburi, na usiziruke zile zisizopendeza na maua. Soma ya shukrani siku ya shukrani, na siku ya kilio soma ya kilio, tena kwa sauti, hata kama majirani watakuja. Waache waje. Kinachouua moyo wa mwamini ni kumnyamazia Mungu. Kumlilia hakujawahi kumfukuza mtu mbele zake. Na ukisikia mwenzako ametoa sauti ya namna hiyo, usimfundishe kutabasamu. Beba kuni uende.

Sasa mvua imepungua, nenda kabla haijarudi. Mungu akusikie ukiimba, na akusikie ukifoka. Akuzungushie majirani wa kuja mbio na majembe yao, na hata wakichelewa, mwanangu, wafike.